Nani Alipie Salaita?

Asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga ya Waingereza ilianza kukipiga kilele cha Salaita, kilima kifupi kinachochomoza peke yake kwenye nyika iliyo mashariki ya Taveta. Ilipiga mahali pasipo na mtu. Mahandaki ya Wajerumani na askari wao Waafrika hayakuwa kileleni. Yalikuwa yamechimbwa chini, kwenye kitako cha kilima, yakafichwa na vichaka vya miiba. Brigedi ya Afrika Kusini ilipokuja mbele ikidhani mizinga imeshamaliza kazi, ilipokelewa na bunduki za rashasha. Kabla ya jua kuzama ilikuwa imerudi nyuma, na waliouawa, kujeruhiwa au kupotea upande wa Waingereza walikuwa 172. Waliosimama kumzuia adui asiwafuate wenzao ni kikosi cha Kihindi, Baluchi wa 130, ambao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau.

Leo barabara ya lami kutoka Mwatate kwenda Taveta inapita karibu na kilima hicho, na abiria wengi wa matatu hukipita bila kugeuza shingo. Salaita si peke yake. Kati ya Voi na mpaka wa Holili kuna Maktau, palipokuwa na kambi kubwa na kituo cha reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi mwaka 1915. Kuna Mbuyuni, palipopiganwa Julai mwaka huo huo. Kuna vilima vya Latema na Reata, ambavyo jeshi la Jenerali Jan Smuts lilivipigania usiku wa Machi 11 kuamkia 12, 1916, na ambako Luteni Kanali Graham wa kikosi cha tatu cha King's African Rifles aliuawa. Makaburi ya askari yapo Voi, Maktau na Taveta, mawe yake yamepangwa mistari iliyonyooka, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inayatunza. Lakini tume hiyo kazi yake ni makaburi. Ardhi yenyewe ya vita, pamoja na mahandaki, kuta za mawe zilizopangwa kwa mikono na tuta la ile reli, iko nje ya kazi yake.

Je, fedha za umma zitumike kuipima, kuinunua na kuilinda ardhi ya namna hii? Na kama jibu ni ndiyo, zitoke kwenye mfuko gani, na anayelima au kuchunga juu yake aende wapi? Ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kwa swali hili kuliko Taita Taveta, kaunti ambayo ardhi imekuwa kidonda kwa zaidi ya miaka mia. Watu wanaozungumza hapa wamebuniwa. Hoja zao hazikubuniwa. Husikika barazani, ofisini na kwenye matanga, na hapa zimewekwa mezani pamoja ili zijibizane.

Mwalimu mstaafu wa historia alianza.

"Tusianze na hisia, tuanze na sheria. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inasema maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inampa waziri mamlaka ya kulitangaza eneo kuwa urithi unaolindwa, na mwenye pingamizi anapewa nafasi ya kulitoa. Kwa hiyo hatuombi hisani ya mtu. Tunaomba kazi iliyokwisha kuandikwa ifanywe, na ilipiwe."

Mama mmoja anayelima mahindi na kunde upande wa Taveta hakumwachia nafasi ya kuvuta pumzi.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu, wanangu wamepita mikononi mwako. Lakini neno kuhifadhi likitamkwa huku kwetu, sisi tunasikia waya wa umeme. Zaidi ya nusu ya kaunti hii imo ndani ya Tsavo, na Tsavo imekuwa hifadhi tangu 1948. Kwenye kilichobaki kuna mashamba makubwa ya mkonge, kuna ranchi, na sisi tumebanwa katikati. Ndovu akitoka huko usiku anamaliza shamba, asubuhi tunaambiwa tujaze fomu. Wanyama wamepewa ardhi, mkonge umepewa ardhi. Sasa mnataka na wafu wa Wazungu wapewe?"

"Si wafu wa Wazungu peke yao, mama."

"Kwenye mawe ya makaburi majina niliyoyaona ni yapi?"

Mwalimu hakulijibu hilo papo hapo, na alifanya vyema, kwa sababu jibu lake ni refu na litakuja. Aliyeingia kati ni mhasibu, mtu wa ofisi ya fedha ya kaunti, ambaye kila mwaka wakati wa kutayarisha makadirio huletewa orodha ndefu kuliko mfuko.

"Mimi sina ugomvi na historia," alisema. "Nina ugomvi na hesabu isiyokamilika. Mkisema nunueni kilima, mnafikiria siku ya kununua. Mimi nafikiria miaka thelathini baada ya siku hiyo. Mlinzi alipwe kila mwezi. Vichaka vifyekwe kila baada ya mvua. Kibao kikiibwa kipatikane kingine. Nikiandika Salaita kwenye kitabu cha makadirio lazima nifute kitu kingine, na vitu vilivyomo humo ni dawa za zahanati, basari za watoto, na wanakandarasi wanaodai. Wanasiasa watawapa sanamu, maana sanamu ina siku ya kuzinduliwa na watu wa kupiga picha. Kufyeka hakuna siku ya kuzinduliwa."

Maneno hayo ya mhasibu ndiyo yanayopaswa kuwauma zaidi wapenzi wa historia, kwa sababu ni ya kweli karibu kila mahali. Jiwe la kumbukumbu hujengwa, utepe hukatwa, na ardhi iliyolizunguka, ambayo ndiyo ushahidi wenyewe, huachiwa tingatinga na wachuuzi wa vyuma chakavu.

Mwalimu aliuleta mfano wa Marekani. Mfano huo hutajwa mara nyingi kwa kupita, nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Kati ya 1890 na 1899 Bunge la nchi hiyo lilianzisha hifadhi tano za kwanza za viwanja vya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe: Chickamauga na Chattanooga, Antietam, Shiloh, Gettysburg na Vicksburg. Maveterani walikuwa bado hai, wakaweza kusimama kondeni na kuonyesha kwa kidole nani alikuwa wapi. Wakati huo huo kampuni moja ya tramu ya umeme ilikuwa ikipitisha reli juu ya uwanja wa Gettysburg. Serikali ilitaka kuichukua ardhi ile kwa nguvu ya sheria na kulipa fidia, kampuni ikakataa, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu. Januari 1896 majaji waliamua kwamba kuuhifadhi uwanja wa vita ni matumizi ya umma, sawa na barabara au ngome.

"Miaka karibu mia ilipita," mwalimu aliendelea, "wakajisahau. Mwaka 1988 mwekezaji akapata kibali cha kujenga jumba kubwa la maduka kando ya hifadhi ya Manassas, kule Virginia, mahali ambapo Jenerali Lee alikuwa na makao yake katika pambano la pili la 1862. Tingatinga zilikuwa zimeshaanza kazi. Bunge likapitisha sheria ya kuichukua ardhi hiyo mara moja, ekari zipatazo 540. Bili ilipofika mwisho ilizidi dola milioni 100. Mhasibu, hiyo ndiyo bei ya kuchelewa. Wangeinunua ikiwa malisho, wangeokoa sehemu kubwa ya pesa hizo."

"Au wangeiacha," mhasibu alijibu, "wakajenga hospitali."

"Hawakuiacha, na walijifunza. Mwaka 1990 waliunda tume ya kuvipima viwanja vyote vya vita hivyo. Ilipoleta ripoti 1993, ilisema mapambano yaliyoandikwa, makubwa kwa madogo, ni kama 10,500, lakini yaliyobadili mwenendo wa vita ni 384. Karibu moja ya tano ya viwanja hivyo ilikuwa imekwisha kupotea. Basi hawakusema tuokoe kila kichaka palipolia risasi. Walivipanga kwa uzito. Na serikali ya kitaifa haitoi bei yote. Inatoa ruzuku ya hadi nusu, nusu ya pili itafutwe kwingine, kwa jimbo au kwa michango, na ardhi inunuliwe kwa mtu aliyekubali mwenyewe kuuza. Pesa yenyewe haitoki kwenye kodi ya mishahara. Inatoka kwenye mfuko ulioanzishwa 1964, unaojazwa kwa ada za uchimbaji wa mafuta na gesi baharini."

Hapo mhasibu aliinamisha kichwa na kuandika kitu. Mfuko wenye chanzo chake, usiogombania shilingi na zahanati, ni lugha anayoielewa. Viongozi wa Taita Taveta wamedai kwa miaka mingi sehemu ya mapato ya Tsavo ibaki kwenye kaunti. Dai hilo lina uzito wake hata bila vita vya 1914, lakini ni rahisi kuona namna asilimia ndogo ya viingilio vya mbuga ingeweza kufanya huku kazi inayofanywa na mafuta kule.

Mama hakuandika kitu.

"Mwalimu, umesema mambo mawili na umeyafunga kamba moja. Kwanza umesema mahakama iliipa serikali ruhusa ya kuchukua. Halafu umesema wananunua kwa anayekubali. Lipi litakuja Taveta? Na hata hilo la pili, la kukubali, ni la mwenye hati. Anayeweza kuuza kwa hiari ni mwenye karatasi. Sisi tunaoitwa maskwota kwenye ardhi waliyozikwa babu zetu tutamuuzia nani? Serikali itakuja na hela yake safi, itampa mwenye hati anayekaa Nairobi au ng'ambo, na mimi nitapewa notisi."

Hoja hii haina jibu jepesi, na makala haya hayatajifanya kuwa nalo. Mpango wa Marekani ulikua katika nchi ambayo kila ekari ya uwanja wa vita ilikuwa na mmiliki aliyeandikwa, na hata huko swali la nani alinyang'anywa kabla ya hati kuandikwa limechukua muda mrefu kuingia kwenye vibao vya maelezo. Sand Creek, Colorado, ambako tarehe 29 Novemba 1864 wanajeshi waliwaua watu wa kambi ya Wacheyenne na Waarapaho, wengi wao wanawake, watoto na wazee, ilipata hadhi kamili ya hifadhi ya kitaifa mwaka 2007. Gettysburg ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miaka 110. Serikali inapolipia kumbukumbu, huanza na kumbukumbu ya waliokuwa na sauti.

Kijana aliyekuwa amekaa pembeni huongoza wageni wachache wanaokuja kutazama viwanja hivi. Alitoa mfukoni picha mbili kwenye simu yake, akaizungusha ili kila mtu aone.

"Haya ni maganda mawili ya risasi. Hili la kwanza ni nene. Ni la bunduki kuukuu ya Mauser ya mwaka 1871. Askari wengi wa Kiafrika wa upande wa Wajerumani walianza vita nayo, na ikipigwa inatoa wingu la moshi mweupe linalomwonyesha mpigaji alipo. Hili la pili ni jembamba, lina ukingo kwenye kitako. Ni la bunduki ya Kiingereza. Ukilikuta la kwanza ndani ya handaki na la pili mita mia mbili mbele yake, umeshajua nani alijilinda na nani alishambulia. Ukiyakuta yote mawili sahani moja kwa muuza vyuma, hujui kitu. Ni shaba ya kupimwa kwa kilo."

Aliendelea kueleza jambo lililotokea Montana. Mwaka 1876, kwenye mto Little Bighorn, Walakota na Wacheyenne waliangamiza kikosi cha jeshi la Marekani kilichoongozwa na Custer, na kwa zaidi ya miaka mia simulizi za Wahindi Wekundu walioshuhudia pambano hilo hazikupewa uzito na waandishi wengi, zikaonekana zinapingana. Agosti 1983 moto wa nyika uliteketeza nyasi na ardhi ikaachwa wazi. Wanaakiolojia, wakiongozwa na Douglas Scott na Richard Fox, waliikagua mwaka uliofuata kwa vifaa vya kutambua vyuma, wakiweka alama kila risasi na kila ganda mahali pake kabla ya kuliondoa. Kwa kufananisha alama za pini ya kufyatulia risasi kwenye maganda, waliweza kuifuata bunduki moja moja ilivyosogea uwanjani. Picha iliyotokea ilikubaliana kwa mengi na walivyosimulia wazee wa Kilakota na Kicheyenne.

"Ardhi ilitoa ushahidi upande wa watu ambao hawakuandika," kijana alisema. "Na ingekuwa imelimwa kwa trekta, isingesema chochote. Mimi kwa hiyo sitaki mnara. Nataka hapo pasichimbwe mpaka pasomwe."

Ni hoja yenye nguvu kuliko ile ya utalii, ambayo ndiyo hupendwa kwenye mapendekezo ya miradi. Utalii wa viwanja vya vita kweli upo. Hoteli moja ya Taita Hills ina makumbusho madogo ya vita hivi, na karibu na barabara kuna mbuyu wenye matundu ambao kila mwongozaji atakusimulia habari zake na za mwanamke wa Kijerumani anayesemekana alijificha ndani yake akidungua maadui. Lakini anayeiahidi kaunti mamilioni kutokana na mashabiki wa vita vya 1914 anaahidi asichoweza kuleta. Miaka ya kuadhimisha karne moja, 2014 hadi 2018, imekuja na kupita, na wageni wengi bado wanawajia simba. Uhifadhi ukisimamishwa juu ya tiketi, siku tiketi zitakapopungua mhasibu atakuwa na haki ya kuufuta.

Tazama Songea, upande wa pili wa mpaka. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni zaidi ya sitini, wakawazika pamoja, katika kuikomesha Vita ya Majimaji. Pahali hapo pana Makumbusho ya Majimaji, na kila mwaka Februari watu hukusanyika: machifu, wanafunzi, wazee waliovaa mavazi ya kivita. Watalii wa kigeni wakija, vyema. Wasipokuja, shughuli inaendelea. Serikali ya Tanzania inalipia makumbusho yale kwa sababu kuna watu wanaowaita wale waliozikwa babu zao.

Na hapo ndipo mzee wa Kasigau alipokohoa. Alikuwa kimya muda wote, amekaa na fimbo yake kati ya magoti.

"Mmemaliza Marekani?" aliuliza.

"Tumemaliza, mzee. Karibu."

"Mimi nimesikia Salaita, nimesikia Latema. Sijasikia Kasigau. Mwaka 1915, mwezi wa Agosti, Waingereza walisema sisi tunawasaidia Wajerumani. Wakatutoa mlimani wote, mwenye nguvu na asiye na nguvu, wakatupeleka Malindi. Watu wa mlima wenye baridi, wakatiwa kwenye joto na malaria ya pwani. Walikufa wengi. Waliobaki hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka mingi imepita. Baba yangu alizaliwa huko. Sasa, Desemba ya mwaka ule ule Wajerumani wakaja wakauteka mlima. Kitabu cha vita kinaanza Desemba. Kinasema Kasigau ilitekwa. Hakisemi kwamba wenyewe hawakuwepo, kwa sababu walishafukuzwa miezi minne nyuma. Mkipima uwanja wa vita kwa kitabu hicho, mtapima mlima usio na watu."

Hakuna aliyesema kitu, kisha mama akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo."

"Ndiyo hivyo, mwanangu."

Huyu mzee alikuwa amelijibu swali la mama la majina kwenye mawe, na mwalimu alilikamilisha. Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa kichwani. Mahali ambapo mbung'o waliua farasi na ng'ombe na magari yalikwama matopeni, unga, risasi na majeruhi vilibebwa na wapagazi, na upande wa Waingereza pekee wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, uchovu na chakula kisichofaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilichapisha ripoti ya kamati yake maalumu, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakilitumikia jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

"Kwa hiyo mama," mwalimu alisema, "jiwe halina jina la babu yako kwa sababu hawakuliandika, na hakuna mchonga mawe atakayeweza kulirudisha. Kilichobaki chake ni lile tuta la reli alilopandisha udongo kwa karai, na zile kuta za mawe pale Maktau. Hazina saruji. Jiwe limekaa juu ya jiwe kwa sababu mtu alilichagua na kuligeuza mpaka likakaa. Hiyo ndiyo sahihi yake. Tingatinga ikipita, hana kingine."

Mama alikaa na neno hilo. Kisha akasema kitu ambacho wapangaji wengi wangefanya vyema kukisikiliza.

"Mimi sijasema ukuta ubomolewe. Mbuzi wangu wanapita hapo kila siku na haujaanguka. Nasema nisitolewe mimi ili ukuta ubaki."

Na kumbe sheria ya kufanya hivyo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999 inairuhusu mahakama kuweka masharti ya kudumu juu ya matumizi ya kipande cha ardhi bila kumwondoa mwenyewe, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kulinda vitu vya kiakiolojia au vya kihistoria vilivyo juu yake. Anayewekewa sharti ana haki ya kudai fidia. Kwa maneno ya kawaida, mtu anaendelea kuchunga na kulima kwa jembe. Asichopaswa kufanya ni kuchimba kokoto, kupitisha trekta la kulima kwa kina, au kujenga juu ya mahandaki. Na kwa kujizuia huko analipwa. Marekani nako sehemu kubwa ya ardhi ya vita inalindwa kwa mikataba ya aina hii, na ng'ombe wanaendelea kulisha.

Msimamo wa makala haya ni kwamba serikali ilipe, na ilipe kwa njia hii. Isinunue nyika nzima kati ya Maktau na Taveta, wala isiweke ua. Ifanye kwanza ile kazi ngumu isiyo na utepe wa kukatwa: kupima, kuchora, kuorodhesha, na kuchagua pachache penye uzito, kama Wamarekani walivyotoa 384 kwenye 10,500. Fedha itoke Nairobi, kwa sababu Katiba imeweka kazi hiyo Nairobi. Kaunti iliyokwisha kupoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake kwa ajili ya taifa zima isiambiwe tena ilipie kumbukumbu ya taifa. Na Uingereza, iliyoomba radhi kwa maneno, ina deni hapa pia, kama ilivyo Ujerumani. Nchi mbili zilizoligeuza shamba la watu wengine kuwa uwanja wao wa vita haziwezi kuona gharama ya kulitunza kuwa shauri la mwenye shamba.

Mhasibu alisoma alichokuwa ameandika. Mstari wa kwanza: kupima, mara moja, serikali ya kitaifa. Mstari wa pili: malipo ya kila mwaka kwa wanaochunga na kulima penye masharti. Mstari wa tatu: walinzi, waajiriwe kutoka kata hiyo hiyo.

"Wa pili uwe wa kwanza," mama alisema. "Nimeona wapima ardhi wengi. Wanakuja na bikoni zao, wanazichimbia, wanaondoka, na malipo hayaji. Katiba hiyo hiyo ya Mwalimu, inasema nini juu ya fidia?"

"Kifungu cha 40. Ilipwe kwa haki, kamili, bila kuchelewa."

"Basi andika hapo. Pesa ifike kabla ya bikoni. Na anayelipwa ni anayekaa pale. Hati ikiwa ya mtu mwingine, wakae naye watafute namna, lakini asilipwe yeye kwa mbuzi wangu kutochimba."

Mhasibu alisema hilo la mwisho halina kifungu anachokijua, na kwamba mkaguzi wa hesabu angelitilia alama nyekundu. Mwalimu alisema Tume ya Taifa ya Ardhi imepewa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na pengine hapo ndipo pa kuanzia. Wakabishana juu ya hilo kwa muda, mama akisimama kwenye neno lake.

Suala la Kasigau ndilo halikuisha kabisa. Mwalimu alitaka orodha ianze na Salaita, Latema na Reata, Mbuyuni na Maktau, palipopiganwa vita vyenyewe, na Kasigau iingie awamu ya pili, kwa kuwa pambano lake lilikuwa dogo. Mzee alikataa awamu ya pili. Alisema kama kipimo ni idadi ya askari waliokufa, Kasigau haitapata awamu yoyote milele; lakini kama kipimo ni idadi ya watu waliokufa, basi itangulie Salaita, na njia ya kwenda Malindi ipimwe pia, mpaka walikozikwa.

"Hiyo njia iko nje ya kaunti, mzee," mhasibu alisema.

"Ilikuwa nje hata wakati ule," mzee alijibu, na akataka jina la Kasigau liandikwe kwenye mstari wa kwanza kabla hajaondoka.

Mhasibu alimtazama mwalimu. Mwalimu alisema hawezi kuafiki kigezo hicho bila kuona kumbukumbu za waliohamishwa. Kijana akauliza kumbukumbu hizo ziko wapi, na nani atalipa nauli ya kwenda kuzitafuta.